Flashi ya Zamu

Mama wenzangu mlio na watoto wenye kompyuta za biashara, nawaandikia ninyi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza changu ni kile cha kwenye madebe ya mafuta, kwa hiyo msitegemee nitaitaja mitambo kwa majina yake. Nitasema nilichokiona kwa macho pale Masasi, katika chumba kimoja nyuma ya stendi, mwaka 2008 kuingia 2009. Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa kila mtu, kila kijana aliyemaliza fomu foo anataka kiduka, na kila kiduka kina kompyuta iliyokuja kutoka nje ikiwa imeshachoka huko ilikotoka.

Kijana wangu anaitwa Vitalis. Ni wa pili. Wa kwanza, Nikolao, alivuka Ruvuma kwenda kuchimba mawe ya rangi upande wa Msumbiji, na tangu avuke hatujapata habari yake, hata ile ya kuambiwa amekufa. Vitalis alipomaliza shule akaanza kushinda na vijana wanaosimuliana habari za mawe hayo, nani kapata, nani karudi na pikipiki. Nikajua kinachokuja. Nilikwenda kulia kwa kaka yangu Dastani, maana kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake.

Dastani akamkalisha barazani kwake Chiungutwa. Nilikuwepo.

"Tukikununulia hiyo mashine ya kuchapa unayoisema kila siku, utakaa?"

Vitalis akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Ikinilisha nitakaa, Mjomba. Isiponilisha, msinishike."

"Hilo ni neno?"

"Ni neno."

Basi korosho zetu za mwaka ule zikawa kompyuta, na mimi nikajua kwamba mwanangu yupo ndani ya lile sanduku la bati lenye feni. Likizima, amevuka.

Nilikuwa nakaa naye dukani siku nyingi, kwenye kigoda karibu na mlango, na beseni langu la mihogo ya kuchemsha. Ndiyo maana niliona. Wateja wake walikuwa walimu, watu wa kamati za harusi, vijana wa barua za kazi, na wazazi wanaotaka kadi za kualika watu siku ya watoto kutoka jandoni. Kila mmoja alikuja na flashi yake, kile kijiti kidogo cha kubebea maandishi, kimefungwa kwenye uzi shingoni au kimesokotwa kwenye pindo la khanga. Na flashi hizo zilikuwa zimeshaingia kwenye kila kompyuta kuanzia Lukuledi mpaka Newala.

Mara ya kwanza niliposikia neno virusi dukani nilishtuka nikamwambia ashushe sauti, watu watasema. Vitalis akacheka. Akanieleza kwamba huyu ni mdudu wa kompyuta, anatoka kwenye flashi anaingia kwenye mashine, anatoka kwenye mashine anaingia kwenye flashi nyingine, na kazi yake ni kuharibu maandishi.

"Na dawa yake?"

"Zipo. Tatizo ni ipi."

Hapo ndipo yalipoanza mambo ya kulinganisha. Dawa zenyewe zilikuwa tatu, naziita kwa picha zake.

Ya kwanza ilikuwa na picha ya ngao. Aliileta Kurwa, kijana wa Newala aliyesoma na Vitalis, ambaye kazini kwake kulikuwa na intaneti ya dishi. Ngao ilikuwa nzito. Ukiwasha kompyuta asubuhi, unaweza kumenya mihogo ya beseni zima, ukaosha, ukaweka jikoni, na bado kioo kinazungusha kile kiduara chake. Ukibonyeza herufi, herufi inatokea baadaye, kama mtu anayeitikia salamu wakati wewe umeshampita. Wateja walikuwa wanasimama, wanahamisha uzito mguu huu na mguu huu, kisha wanakumbuka wana haraka.

Jirani yetu Awadhi, mtoto wa wale wenye duka la saruji, naye alikuwa amefungua chumba cha kompyuta mlango wa tatu kutoka kwetu. Akapita siku moja akachungulia.

"Bado haijaamka hiyo? Inaswali rakaa ngapi?"

"Ni Mkristo," Vitalis akamjibu. "Inasali rozari nzima."

"Basi iambie imalize, kuna mteja wako yuko kwangu anachapa."

Walikuwa wanataniana, lakini mteja alikuwa kweli yuko kwake.

Na Ngao ilikuwa na maswali. Ikikamata kitu inapiga kengele, inafungua dirisha jekundu, na ndani yake vitufe vinne vyenye Kiingereza kirefu. Vitalis alikuwa anasoma, anakuna kichwa, anabonyeza. Kuna siku alibonyeza kisicho chenyewe, barua ya kamati ya harusi ikafutika yote. Mwenye barua alisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ya pili ilikuwa na picha ya kufuli. Hiyo sina mengi ya kuisema. Ilikuwa nyepesi na ilikuwa nzuri, Vitalis alisema hajawahi kuona kitu kilichopangwa vile. Lakini mwezi ulipokwisha ikaweka tangazo katikati ya kioo, inataka kulipwa kwa kadi ya benki. Nani Masasi alikuwa na kadi hiyo? Tukaitoa.

Ya tatu ilikuwa na picha ya jicho. Jicho lilikaa chini pembeni ya kioo, la kijani, halisemi kitu. Kompyuta ukiiwasha, inawaka papo hapo. Lilikuwa na kitufe kimoja tu. Unakibonyeza, linapita kwenye flashi kama mtu anayepapasa mfuko, linaandika neno moja kwamba pako safi. Mimi mwenyewe nilifundishwa. Vitalis akienda kununua karatasi, mteja akija na flashi, niliichomeka nikabonyeza, na wateja walikuwa wananisifu, wanasema Mama Nikolao naye amekuwa fundi.

Kwa muda Vitalis alikuwa anabadilisha, wiki hii Ngao, wiki ijayo Jicho. Alikuwa anataka kuchagua kwa haki. Aliuliza watu wote: ipi rahisi kutumia, ipi haichoshi mashine. Yalikuwa maswali ya maana, sisemi si ya maana. Lakini angalieni kwamba tulikuwa tunamchagua mlinzi kwa upole wake na kwa kula kidogo.

Kisha Kurwa alishuka kutoka Newala kwa shughuli ya msiba, akapita dukani. Awadhi naye akaitwa. Wakakaa watatu, na mimi kwenye kigoda changu. Kurwa akawaambia jambo jipya.

"Hizi dawa zinachacha," alisema. "Kila siku anazaliwa mdudu mwingine. Dawa isipoongezewa majina ya wadudu wapya, inamtafuta mwizi wa mwaka jana. Majina hayo yanatoka kwenye intaneti."

"Sisi intaneti tunaitoa wapi?" Awadhi akauliza. "Ile ya pale mjini unasubiri mpaka ndevu zinaota."

"Mimi kazini ninayo. Nikiyashusha pale, yanaingia kwenye flashi moja. Nyinyi mnachomeka, mnaongezea, basi."

"Flashi moja kwa wote?"

"Flashi moja, inazunguka."

Vitalis akanyanyua kichwa. "Kama mota ya salfa."

"Kama mota ya salfa," Awadhi akarudia, na wote wakacheka kwa raha, kwa sababu jambo lilikuwa limeeleweka.

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Sisi mikorosho tunaipiga salfa kiangazi, inapoanza kutoa maua, kabla ubwiriunga haujayala. Ubwiriunga ni ugonjwa unaofunika maua kama unga, na ua lililofunikwa halitoi korosho. Mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni, ina mota, na si kila kaya inayo. Kwa hiyo inazunguka kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwa jirani, na ukimruka jirani umejiumiza mwenyewe, maana ugonjwa unapanda upepo kutoka kwenye mti wake unakuja kwenye wako. Mtu anayejipulizia peke yake na kuifungia mota ndani, kwetu hana jina zuri. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kupambana na ugonjwa: chombo kimoja, mikono mingi, asirukwe mtu.

Basi wakapanga zamu. Flashi ilikuwa nyekundu, Kurwa akaifunga utepe mweupe isichanganywe na nyingine. Kila wiki aliijaza dawa mpya Newala, akampa kondakta wa basi, kondakta akampa Awadhi, Awadhi akamletea Vitalis, na Vitalis akairudisha stendi. Kaka yangu Dastani aliposikia akafurahi sana. Akasema, "Sasa mmekuwa watu. Mtu mmoja haui ugonjwa."

Flashi ilipokuja kwa mara ya kwanza, Ngao ndiyo ilikuwa kwenye mashine wiki ile. Vitalis akaichomeka. Ngao ikapiga kengele, dirisha jekundu likafunguka.

"Imekamata nini?" nikauliza.

"Inasema flashi ina mdudu."

"Flashi ipi?"

"Hii ya dawa."

Awadhi alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akashika fremu. "Salfa ina ubwiriunga? Vitalis, hilo dubwana lako limezeeka, linabwekea wenye nyumba."

"Linabwekea kila mtu," Vitalis akasema. Alikuwa amechoka. Asubuhi ile watu wawili walikuwa wameondoka bila kuchapiwa. Akabonyeza dirisha likafungwa. Kisha akaitoa Ngao kwenye mashine moja kwa moja, akaweka Jicho, akachomeka tena flashi, akabonyeza kile kitufe kimoja.

Jicho likaandika kwamba pako safi.

Hapo ndipo pa kusimama, mama wenzangu. Hakuna aliyekuwa mjinga katika chumba kile. Mwanangu alikuwa na akili, Awadhi ana akili mpaka leo. Lakini hatujawahi, sisi, kuishuku mota. Unamshuku jirani asiyepuliza, unalishuku shamba lililoachwa likawa pori. Chombo kinachokuja na dawa, kilicholetwa na rafiki, chenye zamu iliyopangwa mbele za watu, utaanzaje kukiambia kina ugonjwa?

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Siwezi kusema uongo. Mashine ilikuwa nyepesi, wateja wakarudi, wengine wakatoka kwa Awadhi kuja kwetu, na Awadhi hakununa. Vitalis akaacha kushinda na wale wa mawe. Akanunua kiti cha pili, cha mteja kukalia. Jumapili moja nilimkuta anapima ukuta kwa kamba, nikamuuliza anapima nini, akasema anaona kama printa ya pili inaweza kuingia pale. Nilikwenda nyuma ya duka nikasimama kidogo peke yangu. Nilikuwa sijamsikia akisema habari ya mwakani tangu kaka yake aondoke.

Ndipo akaja Mwalimu Severina. Huyu alipewa kazi ya kukusanya mitihani ya majaribio ya darasa la saba, ya shule kadhaa kwa pamoja, ili watoto wafanye siku moja. Angeweza kuipeleka popote. Akamchagua Vitalis kwa sababu, alisema, huyu kijana anauliza pale asipoelewa. Kulikuwa na hesabu, ramani, picha ya ua lililokatwa katikati na mishale yake. Vitalis alichora ile mishale kwa kipanya mpaka kiganja kikamuuma. Mwalimu alimwambia, wakubwa zangu wakiridhika, kazi za muhula wote zitakuja hapa. Mjomba aliposikia akasema basi, neno la yule kijana limetimia.

Na Vitalis hakuwa mzembe. Alijua mashine inaweza kufa. Akaweka nakala ya mitihani kwenye kompyuta ya Awadhi. Akaweka nakala nyingine kwenye ile flashi nyekundu, ili ikae na Kurwa Newala, mbali, hata moto ukiwaka Masasi.

Siku ya Jumatano alifungua mashine, nikaona amesogeza uso mpaka kwenye kioo. Nikasogea. Mafaili yote yalikuwepo kwa majina, lakini ukifungua yanaleta kitu kingine: alama, vijiti, herufi za Kizungu zilizopinda, ukurasa baada ya ukurasa. Mitihani, kadi, barua za watu. Jicho lilikuwa pembeni, kijani.

Akaenda kwa Awadhi anakimbia. Kwa Awadhi ilikuwa hivyo hivyo. Wakampigia Kurwa.

"Usichomeke ile flashi," Vitalis akamwambia.

Kurwa akajibu kwenye simu. "Nimeshachomeka asubuhi. Na huku nako yote ni vijiti."

Vitalis hakula siku ile. Akatafuta ile diski ya zamani aliyoletewa na Kurwa, akairudisha Ngao kwenye mashine. Ikachukua asubuhi yote kuingia. Ikapiga kengele, na kengele, na kengele, mpaka wapita njia wakachungulia. Dirisha jekundu likauliza maswali yake yenye vitufe vinne. Akasoma kila neno safari hii, na kamusi mkononi. Akabonyeza pale palipoandikwa kusafisha. Jioni Ngao ikatoa taarifa kwamba mashine imepona. Vitalis akafungua mahali pa mitihani na pakawa hapana kitu. Kwa Ngao, faili lenye mdudu ni mdudu.

Mwalimu Severina alikuja Ijumaa. Shikamoo, marahaba. Akakaa kwenye kile kiti cha mteja.

"Naomba kazi yangu, Vitalis. Jumatatu watoto wanafanya mtihani."

"Mwalimu, mashine iliugua."

"Iliugua lini?"

"Jumatano."

Mwalimu akamwangalia. "Jana tumeonana sokoni. Umenipa shikamoo, umepita."

Vitalis akatazama mashine.

"Ungeniambia jana ningeandika kwa mkono usiku kucha na wenzangu. Leo nitamkuta nani? Wameshatawanyika."

"Nilidhani nitazirudisha, Mwalimu. Nilikuwa nahangaika nazo."

"Najua," akasema. Hakugomba, na ingekuwa heri angegomba. Alinunua hata muhogo mmoja kwangu, akaufunga kwenye karatasi, akaondoka nao bila kuula. Jumatatu watoto walifanya mtihani kwa kunakili ubaoni, na picha ya ua ikaachwa. Wakubwa zake wakatoa amri, kazi ya shule isipelekwe tena kwenye vichumba vya stendi.

Na wateja wengine nao wakatukimbia, maana kila mmoja alikuwa amebeba mdudu kwenye flashi yake kwenda naye kazini kwake au kwa shemeji yake, na kila aliyeulizwa umemtoa wapi alisema kwa Vitalis. Hawakusema kwa Awadhi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sisi tulikuwa na wateja wengi. Awadhi alifunga chumba chake akarudi kuuza saruji ya baba yake, hakupungukiwa. Sisi hatukuwa na saruji.

Nilikwenda tena Chiungutwa kwa kaka yangu.

"Mshike," nikamwambia.

"Dada, nimshike na nini?"

"Na mdomo. Wewe ni mjomba wake."

"Alisema isiponilisha, msinishike. Nilikubali mbele yako. Nikigeuka leo, kesho nikimwambia neno atalisikia?" Akatazama mikorosho yake. "Na hata nikimshika. Atakula nini amekaa?"

Nikajifunga khanga upya, nikashuka barazani.

Vitalis akafunika kompyuta kwa khanga yangu, akamrudishia mwenye chumba ufunguo. Nilimsindikiza mpaka Newala, kwa sababu alikuwa anapita huko kuteremka mtoni na wenzake, na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na miguu yangu. Tulipanda lori. Njiani tulizungumza habari za kawaida, nani kaoa, nani kauza shamba. Kule juu maji yalikuwa ya shida kama kawaida, tulinunua ya kunywa tukagawana kikombe kimoja.

Tukapita kwa Kurwa. Alikuwa amekonda. Wenzake walikuwa wanamsubiri Vitalis nje, nami nikamuuliza Kurwa lile ambalo lilikuwa linanila.

"Mwanangu, kati ya zile dawa, ni ipi bora? Sema kweli. Kama tungechagua vizuri tungechagua ipi?"

Kurwa akajipangusa uso. "Ngao ilimwona mdudu, Mama. Alikuwepo kwenye flashi tangu siku ile ya kwanza, alitoka kwenye mashine ya kazini kwangu, nami sikujua, maana mimi natumia Jicho. Jicho halikuwa na jina lake."

"Kwa hiyo Ngao."

"Ngao kwenye mashine kama ile ya Vitalis? Ungekosa wateja wote kabla mdudu hajafika. Mashine yenyewe ilikuwa inakufa kwa uzito."

"Basi ile ya kufuli."

"Ile ya wenye kadi za benki."

"Basi ipi?"

"Kwa watu kama sisi, na mashine zile, na flashi za watu wote hawa?" Akatazama chini. "Mimi sasa kila mwezi naifuta mashine yangu yote, naanza upya kama imenunuliwa leo. Sina dawa, Mama. Naosha tu."

Vitalis alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Akasema, "Unaona, Mama. Haikuwa kuchagua." Akasema kwa upole, kama mtu anayenifariji, na mimi nikatamani asingesikia. Maana kama kungekuwa na kosa, kosa hurekebishwa, na mtu anaweza kukaa akalirekebisha.

Pale ardhi inapokatika na bonde lote la Ruvuma linaonekana mpaka ng'ambo, akanipa mkono kama mtu mzima. Akaniambia nimwambie Awadhi asiichomeke tena ile flashi. Akaniambia nirudi, jua kali. Wakateremka watano. Shati lake lilikuwa jeupe, nililifuata kwa macho mpaka nikawa sijui kama nalitazama hilo au jiwe.

Nilimfikishia Awadhi ujumbe. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema, "Flashi yenyewe sinayo, Mama Nikolao. Ilishachukuliwa na wengine, zamu imeongezeka, sasa kuna watu wa mpaka huko Nachingwea." Na juzi Yasmini, binti aliyefungua chumba chenye kompyuta nne kwenye jengo jipya la ghorofa, kanisimamisha njiani, shikamoo Mama, nasikia vijana wenu ndio walioanzisha flashi ya dawa, niende kwa nani niombe kuingizwa? Ana uso wa furaha, ana kiti cha mteja chenye mto. Nikamwambia. Nilisimama naye juani nikamwambia yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini Mama, sasa nikikataa kushirikiana na wenzangu, si wataniona nina roho mbaya?"

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mtoto wako akiwa na kompyuta ya kazi, flashi ya mtu isiingie. Mteja akija na yake, aandike upya kwa karatasi, achapiwe. Mtakosa wateja, najua. Dawa ikipiga kelele, asiitoe kwa sababu ya kelele. Mashine itakuwa nzito, najua. Nakala iandikwe kwenye karatasi, ikae sandukuni. Na chombo chochote kinachokuja kwa zamu, hata kikiletwa na ndugu, kibaki nje ya mlango. Mtaonekana wachoyo. Nawaambia mkubali kuonekana hivyo, na sina hakika kama hata hayo yanatosha.

Vitalis alinipigia mara moja tangu avuke, kwa namba ya ng'ambo. Alisema wamefika, alisema kuna baridi asubuhi, aliuliza kama nimekula. Nikaihifadhi namba ile. Nampigia Jumapili nikitoka kanisani, simu inaita bila kupokelewa, na kwa muda mrefu ilikuwa hata haiiti.

Jumapili iliyopita ilipokelewa. Sauti haikuwa yake. Nikasema kwa Kiswahili, mtu yule hakuelewa. Nikasema kwa Kimakua, akaitikia kwa Kimakua, maana kule nao ni sisi sisi.

"Namtafuta Vitalis," nikamwambia. "Hii simu ni yake."

"Niliinunua, mama."

"Uliinunua kwa nani?"

"Kijana mmoja hapa machimboni."

"Mrefu? Mwembamba, anachelewa kujibu ukimuuliza?"

Akafikiri. Nilimsikia anafikiri kweli, alikuwa mtu mwema. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na chuma kinagonga.

"Sikumbuki, mama," akasema. "Wanaouza simu ni wengi."